Mringaringa wa Baba

Mtaa unaitwa Pasua, na kazi yangu kupasua;
mzaha huu wateja wameuchosha, lakini leo naurudia
peke yangu, saa kumi na moja alfajiri,
kabla umeme haujajua kuwa nimeamka.

Ubao upo mezani. Mringaringa.
Ulianguka masika, kule juu Uru,
ukalalia migomba kumi na choo cha jirani,
na kabla majani hayajanyauka
simu zikaanza: Aikaeli kutoka Mwanza,
Elinami kutoka Dar, Ndekirwa akiwa njiani,
hata Apaikunda, ambaye hapigagi,
wote kwa sauti ile ile ya kuulizia msiba:
"Sasa ule mti, tunaufanyaje?"
Kila mmoja alikuwa na mnunuzi wake.

Nikakaa kimya. Mimi ndiye niliyebaki,
na aliyebaki ndiye hulipa choo cha jirani.

Miezi minane mbao zimelala darini zikikauka,
vijiti katikati yake, kama watoto
waliolazwa mzungu wa nne wasipigane.
Sasa Desemba. Barabara ya Dar inapandisha magari
yaliyojaa ndugu na maboksi yanayong'aa.
Mimi nina msasa.

Mjini wanasema trei. Mama husema sinia
hata kwa kitu cha mbao. Neno lenyewe ni chano;
nililipata kwa Shemboza aliyenifunza randa,
mtu wa Korogwe, chai yake kwa chumvi,
hakusifu kazi ya mtu hata siku moja.
"Kikikaa mezani kisiyumbe," alisema,
"mengine mapambo."

Basi sita. Maranda yanajikunja miguuni,
yananukia ndani ya mzinga.
Tundu za kushikia natoboa kwa patasi,
upana wa vidole vinne; vya Apaikunda ni vifupi,
chake nimekibana kidogo, hatajua kwa nini
mkono umetulia.
Cha Elinami kina kingo ndefu. Elinami humwaga.
Cha Mama chepesi, ubao mwembamba kuliko wote,
maana atasema hakuhitaji kitu
kisha atakibeba kila siku.

Cha sita sikuwa nimejua ni cha nani.
Ndicho patasi ilipolia.

Chuma. Nikachokonoa nusu saa nikitukana.
Ukatoka msumari wa inchi nne, umepinda,
na kuuzunguka, doa jeusi lenye ubuluu
limefuata nyuzi za mti kama wino kwenye daftari lililolowa.

Nikakaa juu ya ndoo.

Ni ule wa kioo. Jumamosi, baba alikuwa akinyoa pale,
sabuni ya mche, bakuli la bati,
na sisi watano nyuma yake tukisukumana
ili tumwone mara mbili:
kisogo chake, halafu uso.
Alipofariki, kioo kilihamia chumbani kwa Mama.
Msumari hakuna aliyeukumbuka,
mti ukaumeza taratibu, bila kumwambia mtu.

Ningeweza kukata sehemu hiyo. Ubao unatosha.
Shemboza angekata.

Vanishi sitaki, chakula kitakaa hapa.
Nimepaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa cha fulana,
na doa, badala ya kufifia, likaamka.

Tarehe ishirini na nne nitapanda navyo Uru,
nimevifungia magazeti, bila majina.
Hiki nitakitia ndizi mbivu, nikizungushe.
Atakayeuliza "hapa paliungua?" simpi.
Atakayeuliza bei, pia simpi.
Huenda wote watauliza; wamechoka, wametoka mbali,
na mimi sijawahi kuwaambia kitu vizuri.
Basi nitarudi nacho Pasua, nilie ugali wangu.

Msumari nimeuosha. Uko mfukoni,
unanichoma paja kila ninapoinama.
Umeme umekatika.
Bado kingo mbili. Nazimalizia kwa mkono.